Povu Shingoni mwa Chupa

Kilichokuwa ndani ya chupa hakikutaka kutoka. Brashi aliigeuza kichwa chini, akaipiga kitako kwa kiganja, akapiga tena, ndipo tonge la maini yaliyosagwa likateleza na kutua kwenye sinki kama kohozi la mtu mwenye mafua ya wiki mbili. Harufu ikampanda puani. Maini yalikuwa ya Ijumaa, na hii ilikuwa Jumatatu asubuhi.

"Wana digrii tatu tatu," alisema peke yake, "lakini kumwaga chupa hakuna aliyefundishwa."

Hakukuwa na wa kumjibu. Chumba cha kuoshea kilikuwa mwisho wa korido, hakina dirisha. Kilikuwa na sinki mbili za chuma, rafu za kukaushia, pipa la bluu la sabuni, na yeye. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika humo ndani. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Profesa mwenyewe, wote walimwita Brashi.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na arobaini kati ya hiyo aliimalizia mbele ya sinki za watu. Aliosha masufuria melini. Aliosha ndoo za damu machinjioni. Aliosha sahani za hoteli ambazo wageni walizimia sigara juu ya mayai waliyoshindwa kula. Watu hudhani kazi kama hizo huua pua. Yake zilikuwa zimeinoa. Angenusa chupa akakuambia imelala siku ngapi na nani aliyeiacha. Kwenye sinki hizi za wasomi alishakuta bazoka iliyotafunwa, kucha, na siku moja soksi. Kila mara uso ulimkunjika wenyewe, na kila mara aliingiza mkono akatoa.

Jengo lilikuwa la utafiti wa saratani. Kilichokuwa kikitafutwa humo alielezwa na Daktari Mdogo, binti mwembamba mwenye miwani minene, ambaye peke yake katika wasomi wote alikuwa na desturi ya kuingia chumba cha kuoshea na kukaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Ndani ya uvimbe, mzee, kuna kitu kinaitwa kimeng'enya," alimwambia siku moja. "Kichukulie kama mkasi. Mkasi huu unakata siku nzima, na kila ukikata, seli za uvimbe zinapata ruhusa ya kuzaana. Sisi tunatafuta punje ndogo sana ya dawa, iingie katikati ya makali, ikwame. Mkasi ukigoma kufunga, uvimbe umekosa fundi."

"Na maini ya ng'ombe yanahusika vipi?"

"Ndimo tunamopata mkasi wa kujaribia. Ng'ombe na sisi mikasi yetu inafanana."

"Basi mwambie ng'ombe wako ananuka."

Walijaribu punje kumi na sita, zote zikashindwa. Ya kumi na saba ikakubali. Hiyo ilikuwa miezi miwili nyuma. Kwenye mirija ya kujaribia, mkasi ukiwa mzima, maji yaligeuka manjano kama mkojo wa asubuhi. Ukikwama, yalibaki meupe. Kumi na Saba iliyabakiza meupe kabisa. Na kadiri ilivyoongezwa ndivyo manjano ilivyopungua, hatua kwa hatua, hadi Profesa alipochora mchoro wake akauita ngazi. Siku hiyo korido nzima ilipiga makofi. Profesa alimshika Brashi mkono, akautikisa, akasema, "Huu ni ushindi wetu sote, mzee wangu." Kisha akageuka nusu, akabonyeza kichupa cha dawa ya kuua vijidudu, akajisugua viganja vyote viwili hadi kwenye vifundo.

Brashi aliona. Hata hivyo, jioni ile alifika nyumbani akiwa ametuna kama mkate kwenye tanuri.

"Dada!" aliita tangu mlangoni. "Tumepata!"

Hilo neno ndilo lililoharibu mambo yote. Angesema *wamepata*, pengine leo asingekuwa na deni la kusema chochote.

*

Dada yake alikuwa fundi cherehani, mkubwa kwake kwa miaka saba. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemwogesha, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akamchapa. Brashi aliporudi kutoka kuzurura kwake, mvi kichwani na begi moja mkononi, dada alimsogezea kitanda chumba cha mbele, pembeni ya cherehani, akasema tu, "Umekonda."

Mwaka uliopita aliota uvimbe kwenye titi la kushoto. Aliuficha. Alijishonea magauni mapana, akazidisha poda, akawa anajibu "mafua" kila alipoulizwa mbona amepooza. Alipokuja kusema, uvimbe ulikuwa umeshatoboka. Sasa kila jioni alijifungia chumbani, akajisafisha kwa maji ya chumvi, akatoa vitambaa nje ya mlango kwenye beseni. Brashi alivichukua, akavifua uani, akavichemsha. Hakuna harufu duniani iliyowahi kumshinda kama hiyo. Ya machinjioni ilikuwa ya mnyama asiyemjua. Hii ilikuwa ya mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Alibana pumzi. Alijifunza kuanza kuibana kabla mlango haujafunguka.

Daktari wa upasuaji hakuficha neno. Alisema titi litoke, na alishampa tarehe: Alhamisi hii, saa moja asubuhi. Akikosa, atasubiri orodha nyingine, miezi mitatu au minne, "na hapo, mama, litakuwa limeshazama mbavuni, sitakuwa na cha kukata."

"Siendi," alisema dada Jumatatu ile jioni, mguu ukikanyaga cherehani. Alikuwa akishona sare za shule, kola baada ya kola.

"Dada, Alhamisi zimebaki siku tatu tu."

"Najua kuhesabu siku. Nikachanwe kama gunia wakati ndugu yangu mwenyewe yuko jikoni inakopikwa dawa? Nitasubiri vidonge vyenu."

"Vidonge bado sana. Kwanza panya, halafu…"

"Ulisema mmepata."

"Nilisema, lakini…"

"Mmepata au hamjapata? Usinizungushe, nakujua tangu unakojoa kitandani."

"Tumepata," alisema Brashi, na akaenda kuchukua beseni, mashavu yamejaa pumzi.

*

Jumanne alipita vyumbani na toroli kukusanya vyombo. Daktari Mdogo alikuwa mezani kwake, ameshika chupa ya Kumi na Saba dhidi ya taa, akiitikisa ili unga uyeyuke. Alikuwa na furaha ya mtu anayesubiri sherehe. Kesho yake wageni walikuwa wanakuja, watu wazito, na watu wa redio.

"Njoo uione, mzee. Huyu ndiye bwana harusi."

Brashi alisogea. Ndani ya chupa maji yalikuwa safi. Ila shingoni, pale kioo kinapobana, palikuwa na pete ndogo nyeupe, vijipovu vimekaa vimeshikana, havipasuki.

"Hiyo nini?"

"Povu tu. Ndiyo tabia yake. Kumi na Saba akitikiswa anatoa povu kidogo, tumeshamzoea."

Brashi aliisogelea chupa zaidi. Kuna mambo mtu hahitaji kusomea. Povu alikuwa amelitazama kwa miaka arobaini, la kila namna; linalokufa upesi kwa sababu ya mafuta, linaloganda kwa sababu ya damu. Na hili alilijua kama anavyojua sauti ya mlango wa kwao.

"Na hiyo ya pembeni?" aliuliza, akionyesha mrija wa plastiki.

"Maji matupu, ya kulinganishia. Bila dawa. Hayo hayamfanyi mkasi kitu, yanageuka manjano kila siku."

"Mbona hayo yako kwenye plastiki?"

"Plastiki ni mpya, tunatumia mara moja tunatupa. Dawa hatuwezi kuiweka humo, inagandia kwenye plastiki. Inakaa kwenye kioo, chupa zako hizi." Alicheka. "Mzee, leo unanihoji kama polisi."

Brashi hakucheka. Aliinama kwenye toroli, akatoa chupa tupu aliyoiosha asubuhi hiyohiyo, akaijaza maji nusu, akaiziba kwa kidole gumba, akaitikisa.

Pete nyeupe ikakaa shingoni.

Daktari Mdogo aliitazama. Akaitazama yake. Tabasamu halikutoka usoni mara moja, lilibaki pale muda kidogo, kama mgeni asiyejua kwamba mwenyeji ameshakasirika.

"Unasuuza mara ngapi?" aliuliza.

"Zamani ilikuwa bomba mara tatu, halafu maji ya mtambo wa kuchuja mara tatu. Unajua mwenyewe. Mtambo ulipoungua, Bwana Stoo akabandika karatasi. Maji ni machache, suuza mara moja. Nilimwendea, nikamwambia sabuni hii mpya nzito, haitoki kwa mara moja. Akaniuliza kama nataka kuziosha chupa au kuzibatiza."

"Lini?"

"Karatasi ina tarehe."

Walikwenda wote wawili hadi chumba cha kuoshea. Karatasi ilikuwa ukutani juu ya pipa la bluu, imekunjamana kwa mvuke. Tarehe yake ilikuwa ya juma lilelile Kumi na Saba alipoanza kufanya miujiza. Chini palikuwa na saini ya Bwana Stoo, na juu ya hiyo, kwa wino wa kijani, saini ya Profesa.

Binti aligeuka. Alirudi mezani. Alifungua boksi la chupa mpya kabisa, ambazo hazijawahi kuonja sabuni, akaweka humo dawa. Kwenye chupa ya Brashi akaweka maji matupu. Akatia vyote kwenye mirija yenye maini. Wakakaa. Friji ilikuwa ikiguna. Baada ya nusu saa mrija wenye dawa ulikuwa manjano, manjano nzito ya kuchefua. Mrija wenye maji ya chupa iliyooshwa ulikuwa mweupe kama machozi.

"Sabuni," alisema Daktari Mdogo.

"Sabuni," alisema Brashi.

"Ngazi yote ile. Tulipoongeza dawa tulikuwa tunaongeza sabuni." Alivua miwani, akayasugua macho, kisha akacheka kicheko kibaya kilichogeuka kuwa kikohozi. "Miezi miwili, mzee. Nimeota kuhusu hiki kitu. Nilimwambia mama yangu."

Brashi alijua hilo la kumwambia mtu. Maji ya maini yalikuwa yanaanza kunuka pale mezani na kwa mara ya kwanza yalimpa kichefuchefu cha kweli, akalazimika kutoka kwenda koridoni akaegemea ukuta. Kilichomchefua hakikuwa maini. Aliisikia sauti yake mwenyewe mlangoni kwa dada yake, ikitamka lile neno kama jogoo.

Jioni hiyo alifika nyumbani, akala alichowekewa, akafua vitambaa, akalala. Hakusema kitu. Alijiambia atasubiri Profesa atamke kwanza. Profesa akitamka, halitakuwa jambo la muosha chupa tena.

*

"Kwanza nikupongeze, mzee wangu," alisema Profesa Jumatano asubuhi. Ofisi yake ilinukia maua ya kununua. Daktari Mdogo alikuwa amesimama karibu na mlango, macho mekundu, daftari kifuani. "Umakini wako ni wa kupigiwa mfano. Hili ni suala la kurudia jaribio. Tutarudia. Wiki ijayo tutakaa chini, kwa utulivu, turudie."

"Na wageni wa leo?" aliuliza binti.

"Wageni wa leo wanakuja kuona tulikofika. Tulikofika ni hapa."

"Profesa, hapa ni sabuni."

"Daktari." Alilitamka taratibu, kama anayempa mtoto kijiko. "Matokeo ya jana ni ya mara moja. Wewe ungekubali tokeo la mara moja? Hapana. Sasa unataka nifute kazi ya miezi miwili kwa mrija mmoja na…" Alimtazama Brashi, akatabasamu. "Na shauku ya mzee wetu."

Kulikuwa na kipande cha keki kwenye meno yake ya mbele. Wageni walikuwa hawajafika na yeye alishaonja keki yao.

"Mzee, mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Basi tutazungumza vizuri." Akainuka, akampiga Brashi begani kidogo, akamsindikiza hadi mlangoni. Mlango ulipofungwa Brashi alikisikia kichupa kile kikibonyezwa, *fyu*, *fyu*. Mara mbili leo.

Koridoni binti alisimama. "Mimi nitaandika," alisema. "Sijui kwa nani, lakini nitaandika. Nitataja karatasi. Sitakutaja wewe."

"Nitaje tu. Mikono ni yangu."

Saa nne wageni walikuwa ukumbini. Brashi aliambiwa avae aproni safi, asukume toroli la glasi. Glasi hizo alizisuuza mara tatu, bila kuulizwa na mtu. Ukutani ngazi ya Profesa ilikuwa imewashwa kwa rangi, ikishuka vizuri, hatua baada ya hatua, na Profesa alikuwa mbele yake na kijiti, akieleza mkasi na punje. Alieleza vizuri kuliko Daktari Mdogo. Hilo ndilo lililomkera Brashi zaidi, jinsi uongo ulivyopendeza ukitoka kwa mtu aliyenyoa ndevu. Mgeni mmoja mnene alikuwa akilamba krimu vidoleni, kimoja kimoja, akitikisa kichwa kwa kuguswa. Daktari Mdogo alikaa safu ya mbele. Alikuwa amevua miwani yake na kuiweka mapajani.

Kisha mtu wa redio akasogeza kipaza sauti. "Profesa, una neno gani kwa wagonjwa wanaotusikiliza?"

"Nawaambia wasikate tamaa," alisema Profesa, kwa sauti ya upole kabisa. "Wasikimbilie visu. Siku zinakuja ambapo kidonge kimoja kitatosha."

Brashi aliliacha toroli katikati ya ukumbi. Glasi ziligongana. Alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na aproni, akapita getini, mlinzi akamwita, "Brashi, unakimbia moto?" Hakugeuka. Redio ya dada yake hukaa juu ya cherehani, na dada yake haizimi kamwe.

*

Alichelewa. Alipofika jasho likimtiririka, dada alikuwa amesimama, mikono kiunoni, uso umekunjuka kama hajawahi kuugua.

"Umemsikia?" alisema. "Umemsikia bosi wako? Wasikimbilie visu! Nilikuambia mimi. Kaa, nikupe maji, mbona umevaa kama mpishi?"

"Dada, kesho utakwenda."

"Nimeshamwambia jirani siendi."

"Kile kitu si dawa. Ni sabuni."

Alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akarudi kwenye karatasi, akaruka kwenye plastiki, akataja ng'ombe. Alipoona hamfikii, alichukua mkasi wa dada yake mezani. "Huu ndio mkasi wa uvimbe. Walisema wamepata kijiti cha kuukwamisha. Kumbe mkasi umekwama kwa sababu mimi niliuchovya kwenye sabuni sikuusuuza. Kijiti hakijafanya kitu. Hakuna kijiti, dada."

"Kama sabuni inaukwamisha, basi nitakunywa sabuni."

"Itakukwamisha wewe kwanza."

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akazima redio. Brashi hakukumbuka kama aliwahi kumwona akiizima.

"Profesa amesema kwa mdomo wake," alisema dada.

"Profesa hajaosha chupa hata moja."

"Kwa hiyo unataka nimwache profesa, nimwamini muosha chupa."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

Hapo ndipo alipotamani ardhi immeze. "Jana."

"Jana." Alilirudia polepole. "Jana ukaja hapa, ukala chakula changu, ukaniuliza kama kimebaki kingine. Ukalala unakoroma." Aliokota kandambili, akairusha. Ilimpata Brashi sikioni. Akaokota ya pili, akaishika bila kuirusha. "Na kabla ya jana ulikuja na *tumepata, tumepata*. Nimekaa miezi miwili naliozesha hili kwa sababu ya domo lako."

"Ndiyo, dada."

"Usiniambie ndiyo dada!"

Brashi alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. Dada aliiweka kandambili mapajani na kuanza kuunyoosha mkanda wake, kama vile ni nguo ya mteja.

"Unadhani naogopa kisu," alisema baadaye. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nimezaa mara mbili nikazika mara mbili. Kisu nini. Naogopa kufunguliwa. Watanivua, mbele ya vijana wadogo wenye mikono misafi, halafu watageuza sura. Wataziba pua. Kidonge hakikunusi. Unakimeza umevaa nguo zako."

"Hawatageuza sura, ni kazi yao."

"Wewe je? Hujageuza?" Alimtazama moja kwa moja. "Kila jioni nakuona kwenye upenyo wa mlango. Umefura mashavu kama chura. Unachukua beseni kama mtu anayezamia kisimani. Ndugu yangu wa tumbo moja, muosha ndoo za damu. Kama wewe unashindwa, hao wageni wataweza?"

Brashi aliinuka, akaliendea beseni lililokuwa limeachwa tangu asubuhi nyuma ya mlango, akaja nalo, akalikalisha miguuni pake, akaondoa kifuniko. Akavuta pumzi kwa pua. Ndefu. Machozi yalimtoka, akacheua. Akavuta tena.

Dada alikuwa akimwangalia kama anayetazama mtu anayepanda nguzo ya umeme.

"Inanuka?" aliuliza.

"Inanuka."

"Sana?"

"Vibaya sana, dada." Akajifuta macho kwa aproni. "Ila melini kulikuwa na mpishi mmoja, soksi zake zilikuwa zinasimama zenyewe. Wewe hujamfikia."

Kitu kikamtoka dada puani, mlio mfupi, nusu ya kicheko. Akaitupa kandambili chini, akavaa. "Mwone," alisema. "Hebu jikaze kisabuni, utanitapikia sare za watu."

Hakusema atakwenda. Aliigeukia cherehani, akamaliza kola mbili zilizobaki, akakata uzi, akakunja sare zote na kuzifunga kwa kamba. Kisha akatoa begi dogo chini ya kitanda na kuanza kuuliza, kwa ukali, nani amechukua kitana chake.

*

Saa moja kasorobo Alhamisi walikuwa kwenye korido ya hospitali, kwenye benchi la mbao. Simu ya Brashi ilitetemeka mfukoni. Ujumbe wa Bwana Stoo: *Uko wapi? Vyombo vya wageni vimejaa sinki, vimeanza kunuka.* Akaizima.

Muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye haraka. "Mama, panda hapa. Vua saa, vua hereni, chochote cha kutoka mwilini kitoke."

Dada alipanda. Alivua hereni, akampa muuguzi. Kisha akamwashiria Brashi asogee, asogee zaidi, hadi sikio likafika mdomoni.

"Geuka huku, nifiche," alinong'ona.

Brashi akageuka, akamkinga kwa mgongo wake. Alimsikia akihangaika, akasikia mlio mdogo wa kitu kuachia. Kisha mkono wa dada ukatafuta wa kwake na kuutia kitu ndani. Yalikuwa meno. Safu yote ya juu, ya bandia, ya moto na yenye mate. Miaka yote ile chini ya paa moja hakuwa amejua.

"Uthithahau kuyaleta," alisema dada, mdomo umeingia ndani, mzee ghafla, mtu mwingine kabisa. "Na uthicheke."

"Sicheki."

Magurudumu yalilia. Milango miwili ikafunguka, ikafungana, ikabaki ikipepea kidogo, kisha ikatulia. Brashi alirudi kwenye benchi. Mwanamke aliyekaa pembeni, aliyeona yote, alifungua mkoba wake, akatoa karatasi laini, akamnyooshea.

"Chukua baba, ufutie mkono."

"Ahsante, mama," alisema Brashi. Hakuichukua. Aliyakunjia yale meno vidole, yakiwa na majimaji yake na joto lake, akayalaza kiganjani juu ya goti, akaitazama milango.